Shajara ya mradi: mpaka geji iseme sifuri

Siku ya 1

Leo bosi kakubali. Nimepewa ruhusa ya kuzichukua mashine zetu nne za chini mgodini moja moja, loda mbili (za kuzoa mawe), jumbo moja (ya kutoboa mwamba) na bolta moja (ya kufunga bolti za kushikilia dari), nipitie mfumo mzima wa haidroliki, yani wa mafuta ya presha, mpaka nijue kila sehemu ambayo presha inaweza kubaki imejificha baada ya injini kuzimwa, alafu nifunge nipeli za kupimia (viungio vidogo vya kufungia geji) kwenye kila sehemu hiyo ili fundi asifungue laini yoyote kabla geji, yani kipimo cha presha, haijamuonyesha sifuri. Nimeomba wiki sita. Naandika kila hatua maana najua kuna mafundi wenzangu wanahangaika na mashine kama hizi hizi na pengine watapata kitu cha kuchukua.

Kilichonisukuma ni mkono wa mwenzetu. Alikua kwenye bolta, akaona mvuke mwembamba wa mafuta unatoka sehemu fulani kwenye fungu la hozi, mwanga hafifu, mashine inanguruma, akapitisha mkono juu ya hozi ajue inavujia wapi. Alikua kavaa glavu. Akahisi kama kachomwa na mwiba, akavua glavu, akaona kidoti kidogo kwenye kidole cha shahada, damu karibu hakuna, akafuta na tambara akaendelea na kazi mpaka shifti ikaisha. Hakuna aliyemzuia, mimi mwenyewe nilikiona kile kidoti na sikusema kitu. Usiku kidole kikavimba kikawa kigumu kama kijiti, rangi ikapauka, maumivu yakapanda mpaka kwenye kiganja. Daktari alikuja kupasua kuanzia ncha ya kidole mpaka kiganjani kusafisha mafuta na nyama iliyokufa, na si mara moja. Kidole kimebaki ila hakikunji tena.

Nilikua sijui, na nasema hili kwa uchungu kabisa, kwamba mafuta yanaweza kutoboa ngozi kuanzia presha ya kama bar 7 tu (bar ni kipimo cha presha). Mashine zetu zinafanya kazi kwenye bar 200 na zaidi. Glavu ya ngozi pale ni sawa na karatasi.

Siku ya 3

Siku mbili hizi sijashika spana. Nina tochi, michoro ya mfumo na daftari, nazunguka mashine iliyolala na kujiuliza swali moja tu kwa kila silinda, kila hozi na kila chupa: wewe ukizimiwa injini unabaki na nini ndani?

Majibu yanatisha ukiyaandika yote kwenye karatasi moja. Kuna silinda zinazobeba uzito, zile za kuinua bumu, yani mkono wa mashine, na ndoo. Kuna za usukani kwenye kiungo cha katikati. Kuna chupa za akumuleta za breki, zinazotunza mafuta ya presha. Kuna laini za kusukumia dreva ya kutobolea, ile nyundo inayotoboa mwamba, kwenye jumbo. Kuna miguu ya kusimamia mashine. Kila moja inaweza kua na presha wakati injini imelala kimya na opereta keshapanda juu kwenda kula.

Nikapiga hesabu niwaonyeshe vijana kwenye kikao cha kabla ya shifti. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 150, ipe bar 200, inasukuma kwa nguvu ya kama tani 36. Hiyo ni silinda moja na loda zetu zina mbili pale mbele za kuinua. Niliona sura zao zikibadilika, maana mtu anafanya kazi na hii kitu kila siku anaona chuma kinapanda na kushuka kwa ulaini kama mlango, anasahau nini kinakisukuma.

Wiki ya 1, mwisho

Nipeli zimefika. Ni zile ndogo zenye kifuniko cha kufungua kwa mkono, unafungia hozi nyembamba ya geji bila kumwaga mafuta. Nimewaeleza vijana kwamba hata ile hozi nyembamba inabeba presha kamili, isikunjwe, isitumike ikiwa imechubuka, na wala usishike kiungio chake wakati unasoma geji. Udogo wake unamdanganya mtu.

Nimekua nasoma mwongozo wa MDG 41 wa jimbo la New South Wales kule Australia, ulitoka 2010 na unahusu usalama wa mifumo ya mafuta na hewa ya presha migodini. Pia kiwango cha kimataifa cha ISO 4413, kinachohusu mifumo ya haidroliki. Vyote viwili vinataka mtu aweze kutoa presha kwa usalama na aweze kuhakikisha kwamba imetoka. Hiyo ya kuhakikisha ndo tumekua tunaikosa. Tulikua tunazima, tunatikisa livaa mara mbili tatu, tunafungua fitingi taratibu tukisikilizia. Yani kipimo chetu kilikua sikio.

Wiki ya 2

Hii wiki nimejifunza kitu ambacho ningeomba kila fundi akisome mara mbili.

Tulianza na jumbo. Silinda ya kuinua bumu ina valvu ya kushikilia mzigo, imefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa silinda, kazi yake ni kwamba hozi ikipasuka bumu isianguke, mafuta yanafungiwa ndani ya silinda hayatoki mpaka valvu ipate amri. Ni kitu kizuri sana na kimeokoa watu. Sasa mimi nikafunga nipeli ya kupimia kwenye hozi, sentimita chache tu kabla ya ile valvu, kwa sababu pale spana inaingia vizuri na kuna nafasi.

Tukaweka stendi ya chuma chini ya bumu. Tukazima injini, swichi kuu ya betri tukaifunga na kufuli, kila mtu na kufuli lake na tagi lake, tukajaribu kuwasha ikagoma kama inavotakiwa. Nikatikisa livaa. Nikafunga geji. Ikasoma sifuri, safi kabisa, sindano imelala. Nikaminya hozi, laini kama utumbo. Nikamwambia dogo, yule kijana wa mafunzo, haya iko tayari leta spana.

Dogo hakuleta spana. Alikua kainama anamulika chini ya bumu. Akasema, "Kaka, kama presha ni sifuri mbona bumu haijakaa kwenye stendi?"

Nikainama na mimi. Kati ya bumu na stendi kulikua na nafasi ya vidole viwili. Bumu lote, na reli ya kutobolea na dreva lake juu, lilikua linaning'inia hewani limeshikwa na mafuta yaliyofungiwa nyuma ya valvu, na geji yangu ilikua inapima hozi ambayo haina kitu. Kazi tuliyokua tunaenda kufanya ilikua kufungua ile ile valvu kubadilisha oringi. Ningeilegeza bolti mbili, bumu lingeshuka na dogo angekua na mkono pale katikati.

Niliketi chini kama dakika kumi. Sijaona aibu kuiandika hii, ila naandika nikiwa na baridi mgongoni bado.

Siku mbili baadae

Tumebadilisha mpango wote. Kwanza mzigo unalala. Kabla ya geji yoyote unashusha bumu mpaka likae kwenye stendi au chini, unaona kwa macho kwamba chuma kimegusa chuma na hakuna nafasi. Pili, nipeli inakaa upande wa silinda, nyuma ya valvu ya kushikilia mzigo, sio upande wa hozi. Valvu nyingi kumbe zina tundu la kupimia lililozibwa na plagi toka kiwandani, sisi tulikua hatulioni sababu limejaa rangi na matope. Kwenye valvu mbili hakuna hilo tundu, hizo nimeagiza valvu zenye tundu, sitatoboa mwenyewe wala kuchomelea kitu chochote kwenye mwili wa valvu, mtu asinishawishi.

Alafu kutoa mafuta yenyewe. Hatulegezi fitingi tena kuacha inyunyize. Tumetengeneza hozi ya kutolea yenye kibomba kidogo cha kufungua taratibu, upande mmoja inafungwa kwenye nipeli upande mwingine inarudi kwenye tenki. Unafungua kidogo, unakaa pembeni sio mbele, unaangalia geji inashuka. Ikifika sifuri unafunga kibomba, unasubiri dakika mbili unaangalia tena. Kama sindano inapanda maana yake bado kuna kitu kinasukuma ndani, mzigo haujalala vizuri au kuna chanzo kingine hujakifunga. Hizo dakika mbili za kusubiri mimi naona zina thamani kuliko hatua nyingine zote.

Wiki ya 3

Akumuleta. Hapa nimekaa muda mrefu kwa sababu ndo sehemu ambayo mafundi wengi wazuri ninaowajua hawana uhakika nayo.

Ndani ya ile chupa kuna kibofu au pistoni, upande mmoja gesi ya naitrojeni upande mwingine mafuta. Pampu inasukuma mafuta yanaikandamiza gesi, na gesi inakaa pale kama springi inasubiri. Injini ikizima, springi haijui kwamba injini imezima. Kwenye loda zetu ndo inayotunza presha ya breki, na hizi breki zinabanwa na springi zinaachiwa na mafuta, kwaiyo presha ikiisha mashine inajibana yenyewe, hiyo ni salama. Hatari ni kwa fundi anayefungua laini ya breki akidhani ni laini ndogo haina kitu.

Leo tumefanya zoezi na kila fundi wa shifti, mmoja mmoja. Matairi yamewekewa kabari, injini imezimwa, geji iko kwenye laini ya akumuleta, unakanyaga pedali ya breki na kuachia, unakanyaga na kuachia. Sindano inashuka kidogo kidogo kila ukikanyaga. Inashuka, inashuka, alafu ghafla inaanguka mpaka sifuri kwa mkupuo mmoja. Niliwauliza kwa nini imeanguka ghafla. Wengi walisema geji mbovu. Sio geji. Pale sindano ilipoanza kuanguka ndo presha ya gesi yenyewe ilipo, mafuta yameisha yote kwenye chupa, kibofu kimejaza nafasi nzima na hakuna tena cha kusukuma. Ukijua ile namba inapoangukia unaijua presha ya gesi yako bila hata kufungua chupa, na ikianza kuangukia chini zaidi wiki hadi wiki basi gesi inavuja.

Ila kitu kimoja wakielewe vizuri: mafuta kufika sifuri hakumaanishi chupa ni tupu. Upande wa gesi bado umejaa naitrojeni kwa presha ile ile uliyoona sindano ikianguka. Chupa haifunguliwi juu, haikatwi, haichomelewi karibu. Na inajazwa naitrojeni kavu tu. Nimesikia mtu anauliza kama oksijeni ya gesi ya kuchomelea inafaa kujazia siku naitrojeni imeisha. Hapana, hapana kabisa, oksijeni na mafuta vikikutana kwenye presha vinalipuka. Nimeandika kwenye kila chupa kwa rangi nyeupe NAITROJENI TU, herufi kubwa.

Wiki ya 4

Hozi na moto.

Tuna mzee mmoja wa hozi, kazi yake miaka yote ni kubana hozi kwenye mashine ya kubania, na nimemuomba azunguke na mimi kwenye mashine zote nne zikiwa zimezimwa na zimepimwa sifuri. Anapitisha kidole, anakunja, anaangalia pale hozi inapoingia kwenye fitingi. Amenionyesha hozi moja ya loda ambayo ngozi ya nje ilikua nzima kabisa ila ukiikunja kidogo karibu na fitingi unasikia kama mchanga ndani, waya zimeshaanza kukatika. Akaniambia, "Mwanangu, hozi haifi katikati, inafia shingoni." Tumeitoa ile siku ile.

Amekataa pia jambo moja ambalo tulikua tunafanya bila kufikiri, kuchukua hozi ya kampuni moja na kuibana na fitingi ya kampuni nyingine kwa sababu saizi zinafanana. Saizi ya nje inafanana ila unene wa waya na kina cha kubania ni tofauti, fitingi inashika leo na kesho inachomoka. Hozi ya kawaida inatengenezwa ipasukie kwenye presha mara nne ya ile iliyoandikwa ya kufanyia kazi, lakini hiyo mara nne ni ya hozi mpya iliyobanwa sawasawa, sio ya hozi iliyokaa juani, iliyosuguana na chuma au iliyobanwa kwa kubahatisha.

Na plagi. Hozi ikipasuka kwenye stopu, yani sehemu ya chini inapochimbwa madini, kuna tabia ya kuziba lile tundu na plagi ili mashine itolewe pale. Nawaelewa, hakuna anayetaka mashine ikae chini ya dari ambayo haijafungwa bolti. Lakini ukiziba tundu la upande wa fimbo ya silinda alafu mtu akasukuma livaa upande wa pili, mafuta ya upande wa fimbo hayana pa kwenda, na kwa sababu eneo la upande ule ni dogo presha inakuzwa. Silinda ya 150 yenye fimbo ya 100, ukiipa bar 200 nyuma, mbele unapata kama bar 360. Ile plagi inatoka kama risasi. Tumekubaliana plagi zinawekwa pande zote mbili na livaa inafungwa isiguswe, na kama haiwezekani mashine inavutwa.

Moto sasa. Mafuta ya kawaida ya haidroliki yanaanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye kama nyuzi 200, na manifoldi ya eksozi na tabochaja ya dizeli iliyofanya kazi ngumu inaweza kupita nyuzi 400. Hozi yenye tundu dogo inanyunyiza ukungu, na ukungu wa mafuta unawaka kirahisi kuliko dimbwi la mafuta. Juu ya ardhi unakimbia. Chini, moshi unafuata njia ile ile ya hewa unayoivuta.

Niliwasimulia vijana habari ya Bois du Cazier, mgodi wa makaa wa Marcinelle nchini Ubelgiji, 8 Agosti 1956. Kitoroli kilikua hakijaingia vizuri kwenye kizimba cha kupandishia, kikabaki kimetokeza nje, kizimba kikapandishwa na kile kilichotokeza kikaenda kukata bomba la mafuta ya presha, nyaya za umeme na bomba la hewa ya presha, vyote vilipita pamoja kwenye shafti. Mafuta, cheche na hewa kwa pamoja. Watu 262 walikufa, 136 kati yao Waitaliano waliokua wameenda kutafuta kazi. Palikua kimya kwenye kikao. Kijana mmoja akaniuliza kwa nini walipitisha bomba la mafuta na nyaya za umeme sehemu moja, na hilo ndo swali tulilotoka nalo kwenda kuangalia mashine zetu. Kwenye loda ya pili tumekuta hozi ya usukani imefungwa kwa kamba pamoja na waya mnene wa betri, zinasuguana kila mashine ikikata kona. Tumezitenganisha, tumeweka klampu, tumevalisha hozi zote za upande wa tabochaja soksi ya kuzuia mnyunyizo na kuongeza bati la kinga kati yake na eksozi.

Nimeuliza pia kuhusu mafuta yasiyoshika moto kirahisi, yale ya mchanganyiko wa maji na glaikoli, na yale yenye maji zaidi ya asilimia 80 yanayotumika kwenye nguzo za haidroliki za migodi ya makaa. Yapo na yanafanya kazi, ila huwezi tu kumwaga ya zamani ukamimina haya, sili na pampu lazima ziwe za aina inayoyakubali. Hiyo naiacha kama mradi wa baadae. Na hata hayo yakitoboa ngozi ni hospitali vilevile.

Wiki ya 5

Mahali pa kusimama. Hii tumeimaliza haraka kwa sababu vifaa vilikuwepo toka siku ya kwanza ila havitumiki.

Kiungo cha katikati cha loda kina fimbo ya kufungia, inakaa kwenye mabano yake pembeni, na kwenye mashine zote mbili ilikua imeota kutu hapo hapo maana hakuna aliyewahi kuitoa. Tumezisafisha, tumezipaka rangi nyekundu, na hakuna mtu anaingia pale katikati, hata kupiga grisi, bila fimbo kuwekwa na pini kuingia. Usukani ukiguswa nafasi ya mtu mzima pale inakua nafasi ya ngumi. Tumepaka pia rangi kwenye mwili wa mashine kuonyesha sehemu ambazo mtu wa miguu hatakiwi kua mashine ikiwa imewashwa. Opereta wa loda anakaa ubavu, upande wake wa pili haoni kitu kwa mita nyingi, kwaiyo sheria yetu ni kwamba mwenye miguu hasogei mpaka opereta ameweka ndoo chini, ameweka breki na amemjibu kwa taa.

Marekani walitoa sheria Januari 2015 kwamba mashine za kuchimba makaa mfululizo ziwe na mfumo wa kugundua mtu akikaribia na kujizima, kwa sababu watu walikua wanabanwa kati ya mashine na ukuta. Sisi hatuna huo mfumo. Tuna rangi na taa na kusubiriana, na nimemwandikia bosi kuomba huo mfumo kwenye mashine zitakazonunuliwa mbele.

Wiki ya 6, Jumatatu

Leo supavaiza wa uzalishaji kanijia, hakua na hasira, kauliza kwa heshima kabisa hii kazi ya kupima sifuri inakula dakika ngapi maana mashine ikikaa yeye ndo anaulizwa. Nikamwambia twende tupime pamoja. Loda, kubadilisha hozi moja ya kuinua: kulaza ndoo, kufunga kufuli, kukanyaga breki mpaka akumuleta iishe, geji kwenye nipeli mbili, kusubiri. Mara ya kwanza dakika 19. Fundi yule yule siku hiyo hiyo kwenye loda ya pili, dakika 12. Akaangalia saa akasema, "Sasa hapo mzee mimi sina neno," akaandika 15 kwenye mpango wake wa shifti. Kitendo cha kuiandika kwenye mpango kimenifurahisha kuliko chochote, maana muda ukiwa kwenye mpango fundi hana sababu ya kukimbia.

Nimewakumbusha vijana pia kwamba haki ya kuondoka sehemu yenye hatari kubwa imeandikwa, ipo kwenye Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1995, kifungu cha 13. Sio ukaidi.

Wiki ya 6, Jumatano

Kadi ya hospitali imekamilika. Hii nimeifanya kwa ajili ya yule mwenzetu. Ni kadi ngumu ya plastiki, zipo kwenye kila mashine na kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Inasema mtu huyu amechomwa na mafuta ya presha kubwa, jeraha linaonekana dogo lakini ni la upasuaji wa haraka, saa zinahesabiwa. Kuna nafasi ya kuandika aina ya mafuta, presha ya laini, saa aliyoumia. Nyuma kuna maelekezo kwetu sisi: anatolewa juu saa hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu, haendi peke yake, jeraha haliminywi wala halikandwi, mkono unainuliwa, hali wala hanywi kwa sababu anaweza kuingizwa chumba cha upasuaji, na karatasi ya maelezo ya mafuta inaenda naye. Nilimpelekea mwenzetu ya kwanza kuchapishwa. Aliisoma akaigeuza akaisoma nyuma, akaniomba niongeze mstari mmoja: glavu haizuii. Nimeuongeza kwa herufi nyekundu.

Na kila mashine sasa ina kipande cha ubao mwembamba kimefungwa kwa mnyororo, mita nzima, cha kutafutia mvujo. Mkono unakaa nyuma.

Wiki ya 6, Ijumaa usiku

Nimepigiwa simu ya chini saa nane usiku. Dogo, yule yule wa bumu, yuko kwenye bolta, wanataka kubadilisha hozi ya ile silinda inayosukuma ncha ya bumu ikandamize mwamba wakati wa kutoboa. Akasema, "Kaka nimezima, nimefunga kufuli, bumu limelala kwenye stendi, nimetikisa livaa, ila geji inasoma 40 na haishuki."

Nikamuuliza ile ncha iko wapi. Akanyamaza nikasikia anatembea. Akarudi akasema bado imegusa dari.

Ndo hapo. Bumu limelala lakini ncha ilibaki imekandamizwa kwenye mwamba, na silinda yake ina valvu yake ya kushikilia, kwaiyo mwamba wenyewe ndo uliokua mzigo. Kwenye karatasi yangu ya hatua nilikua nimeandika laza bumu, sikuandika rudisha ncha. Nikamwambia asiguse fitingi, atoe kufuli kwa utaratibu wote, watu watoke, awashe, arudishe ncha ndani mpaka mwisho, azime, afunge upya, apime. Nilibaki kwenye simu. Ilichukua dakika kama ishirini, nikasikia kufuli zinagonga chuma, alafu akasema "sifuri", alafu akanyamaza tena zile dakika mbili bila mimi kumkumbusha, alafu akasema "bado sifuri".

Jumamosi

Nimeongeza mstari wa ncha kwenye karatasi ya bolta na ya jumbo, nimeondoa karatasi za zamani kwenye mashine zote ili zisichanganywe. Kilichobaki: valvu mbili zenye tundu la kupimia hazijafika, kwaiyo silinda mbili za jumbo zimefungwa tagi jekundu, hazifunguliwi mpaka zifike isipokua bumu liko chini kabisa na mimi nipo. Hozi saba za loda ya pili zinasubiri kubanwa, mzee anaanza nazo Jumatatu. Bolta inarudi kazini leo mchana.